Ukikabidhiwa Hazina Mwaka wa Njaa

Hapa Tanga siasa za Kenya hazihesabiwi kuwa habari za nje. Wadigo wana shangazi na wajomba pande zote mbili za Horohoro, machungwa ya Muheza yanaliwa Mombasa na Nairobi, na shilingi ya Kenya ikiyumba mfanyabiashara wa mpakani anajua kabla ya benki kuu yoyote kutoa taarifa. Ndiyo maana tangu Raila Odinga afariki, Oktoba 2025, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani havikosi swali hili: ODM, chama chake, watabaki kwenye serikali ya Rais William Ruto au watatoka? Jibu linalotolewa kwa kujiamini kuliko yote ni kwamba hawatoki, kwa sababu wameshika Hazina. Mtu kapewa ufunguo wa kasha, atoke aende wapi? Kashata inatafunwa, mada inahamia kwenye mpira.

Kwa maoni yangu hoja hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Nchi ikiwa na fedha, Wizara ya Fedha ni ulaji. Nchi ikikaukiwa, wizara hiyohiyo ni mahali pa kupokelea lawama, na mwenye madaraka huwa hasiti kumwachia mgeni akae pale. Serikali za mseto zilizoundwa wakati wa msukosuko wa fedha zimeisaidia nchi mara nyingi kuliko wapinzani wake wanavyokubali, na zimemzika mshirika mdogo mara nyingi kuliko mashabiki wake wanavyokumbuka. Mambo hayo mawili yanatoka chungu kimoja. Kwa hiyo anayetaka kuupima mseto wa namna hii asianze kwa kuhesabu mawaziri. Aulize kwanza kama washirika waliandikiana nani atalipa deni kabla ya kugawana viti, au walikaa kwenye viti kwanza na karatasi ikafuata.

Tuitazame Kenya yenyewe, maana tumeanza kusahau. Mseto wa 2008, ule Wakenya waliouita nusu mkate, ulitokana na makubaliano ya 28 Februari mwaka huo yaliyosimamiwa na Kofi Annan baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Baraza lilifura hadi mawaziri 40. Raila akawa Waziri Mkuu, ODM ikapata wizara za maana, na William Ruto mwenyewe, wakati huo mwana-ODM, akapewa Kilimo. Lakini Hazina haikutoka upande wa Rais Mwai Kibaki hata siku moja. Alikuwapo Amos Kimunya. Alipojiuzulu Julai 2008 akakaimu John Michuki. Januari 2009 akaingia Uhuru Kenyatta. Kasha lilikuwa na kitu, na mwenyewe alilikalia.

Sasa chukua 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulilenga kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 346 za Kenya, na rasimu ya kwanza ilitaka hata mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, vijana wakaingia hadi ndani ya Bunge, risasi zikalia; Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuja kuhesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka ule. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini. Tarehe 8 Julai Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, iliishusha Kenya hadi daraja la Caa1, ambalo kwa lugha ya wakopeshaji maana yake ni mdai kaa chonjo. Tarehe 11 Julai karibu baraza zima likavunjwa. Chini ya wiki mbili baadaye yakatangazwa majina ya wana-ODM: Hassan Joho, Madini na Uchumi wa Buluu; Wycliffe Oparanya, Ushirika; Opiyo Wandayi, Nishati; na John Mbadi, mwenyekiti wa chama wakati huo, Hazina. Nchi ilikuwa na deni la zaidi ya shilingi trilioni 10, mpango wake wa kodi umechomwa moto barabarani, na sifa yake kwa wakopeshaji imeporomoka. Ni kukabidhiwa duka la mtu aliyekopa mtaa mzima: funguo unazo, rafu ziko tupu, na wanaobisha hodi asubuhi wote ni wadai.

Karatasi je? Hati ya makubaliano kati ya Ruto na Raila ilitiwa saini 7 Machi 2025, zaidi ya miezi saba baada ya viti kugawanywa. Ina mambo kumi, na mengine ni mazuri kabisa: ukaguzi wa deni la taifa, fidia kwa waathirika wa maandamano, kupambana na ufisadi na ubadhirifu. Lakini ukaguzi wa deni ni habari ya jana. Kodi ipi ipande kesho, fungu lipi lipunguzwe, na mshirika yupi ana haki ya kusema hapana na hapana yake ikasimama, hayo hayakupata nafasi ya maana. Na wakati hati inatiwa saini, Desemba ilikuwa imeshapita, pamoja na sheria ya marekebisho ya kodi iliyorudisha baadhi ya hatua ambazo vijana walidhani wamezizika mwezi Juni. Chama kilichosimama kuupinga muswada wa awali sasa kilikuwa na mtu wake kwenye meza ya kuutetea mdogo wake.

Mashabiki wa serikali hiyo, na hapa mpakani wapo wengi, watakwambia angalau shilingi ya Kenya imetulia tangu mseto uanze. Hili wabadilishaji fedha wa Horohoro wangeweza kulisahihisha bila kufungua daftari. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160 za Kenya, na aliyeuza mali kwa shilingi hizo alikuwa anarudi nyumbani na pungufu asiloweza kumweleza mkewe. Kilichogeuza mambo ni hatifungani ya dola bilioni 1.5 ambayo Kenya iliiuza Februari 2024, kwa riba ya karibu asilimia 10, ili kulipa sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva mwezi Juni. Soko lilipoona deni la Juni litalipika, shilingi ikapanda hadi karibu 130 kwa dola ndani ya wiki chache. ODM ilikuwa bado upinzani. Mseto ulikuta shilingi imeshatulia. Kilichokuwa hakijatulia ni nani atabeba riba ya mkopo ulioituliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Harare. Julai 2008 mfumuko rasmi wa bei nchini Zimbabwe ulifika asilimia milioni 231 kwa mwaka, na Januari 2009 benki kuu ikatoa noti ya dola trilioni 100. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 4,000 kwa sababu hata dawa ya kusafishia maji ilikuwa haipatikani. Makubaliano ya kisiasa yalikuwa yametiwa saini tangu 15 Septemba 2008, lakini miezi mitano iliteketea katika kuvutana viti, na ni tarehe 11 Februari 2009 tu ndipo Morgan Tsvangirai alipoapishwa kuwa Waziri Mkuu chini ya Rais Robert Mugabe. Uangalie mgao wenyewe. Ulinzi ulibaki ZANU-PF, chama cha Mugabe. Madini yalibaki ZANU-PF. Mambo ya Ndani yaliwekewa mawaziri wawili, mmoja kila upande, wachungane. Gavana wa benki kuu, Gideon Gono, aliyekuwa amechapisha zile noti, alibaki kazini. Chama cha Tsvangirai, MDC, kikapewa Fedha.

Tendai Biti, waziri mpya, alifanya kazi. Ruhusa ya kutumia fedha za kigeni ilikuwa imeshatolewa mwishoni mwa Januari na Patrick Chinamasa wa ZANU-PF aliyekuwa anakaimu wizara hiyo (wapenzi wa Biti huruka sentensi hii), lakini aliyeilazimisha Serikali kutumia kile tu ilichokusanya ni yeye. Mwalimu, nesi na askari walianza kwa kulipwa sawasawa, dola 100 za Marekani kwa mwezi. Mfumuko wa bei ukafa, unga na mafuta ya kupikia vikarudi madukani, uchumi ukaanza kukua baada ya miaka kumi ya kushuka. Wakati huohuo almasi za Marange zilikuwa zinachimbwa chini ya wizara isiyo yake, na alirudia kulalamika hadharani kwamba fedha za almasi haziingii Hazina kama zilivyotarajiwa. Januari 2013 aliwaambia waandishi wa habari kwamba baada ya kulipa mishahara akaunti ya Serikali imebaki na dola 217. Dunia ilicheka. Julai 31 mwaka huo Mugabe akapata asilimia 61 ya kura, Tsvangirai 34. MDC walisema uchaguzi umechezewa, na daftari la wapiga kura lilikuwa na walakini wa kutosha kumfanya mtu mwenye akili timamu awaamini. Hata hivyo wizi peke yake hauelezi kila kitu. Mtumishi wa umma aliyengoja nyongeza kwa miaka minne alikuwa akijibiwa na waziri wa MDC kwamba hakuna kitu. Waziri wa madini hakuna aliyekwenda kumuuliza mshahara.

Ulaya wamelifanya jambo hilihili kwa adabu zaidi, na mazishi yamekuwa yaleyale. Novemba 2010 Ireland ilikubali mkopo wa uokozi wa yuro bilioni 85. Machi 2011 Fine Gael na Labour waliunda serikali, na mwaka huohuo Wizara ya Fedha ikapasuliwa vipande viwili. Fine Gael ilichukua kipande cha kuzungumza na wakopeshaji, ambacho mwisho wake ni kusimama mbele ya kamera na kutangaza kwamba nchi imetoka kwenye mkopo, kama ilivyokuwa Desemba 2013. Labour, chama cha wafanyakazi, ilipewa matumizi ya umma, yaani kisu. Katika uchaguzi wa 2016 Labour ilishuka kutoka viti 37 hadi 7. London nako: mseto wa Mei 2010 uliundwa kwa siku tano, nakisi ya bajeti ikiwa karibu asilimia 10 ya pato la taifa. George Osborne wa Conservative akawa Waziri wa Fedha, na Liberal Democrats wakapewa kiti cha pili pale Hazina, kile cha kukaa na kila wizara na kuipunguzia fungu. VAT ikapanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20. Ada ya chuo kikuu ikaruhusiwa kufika pauni 9,000, wakati wagombea wa Liberal Democrats walikuwa wametia saini ahadi ya kutoipandisha. Mwaka 2015 chama hicho kilitoka viti 57 hadi 8, na Danny Alexander, aliyekalia kiti kile cha pili kwa karibu miaka mitano, alipoteza jimbo lake. Conservative waliongeza viti na kutawala peke yao. Ujerumani, FDP, mshirika mdogo, walishika Wizara ya Fedha hadi Kansela Olaf Scholz alipomfukuza Christian Lindner Novemba 2024 kwa ugomvi wa bajeti; miezi mitatu baadaye wakapata asilimia 4.3 na kutupwa nje ya Bunge.

Mchambuzi makini atanikatiza hapa. Atasema wapiga kura huadhibu kila aliyekutwa ofisini wakati wa shida, mdogo kwa mkubwa, na kwamba nimechagua mifano inayonipendeza. Ana hoja. Pasok ya Ugiriki ilikuwa chama kikubwa, asilimia karibu 44 ya kura mwaka 2009, na Januari 2015 ilibaki na asilimia 4.7. Fianna Fáil ya Ireland ilikuwa mshirika mkubwa na ikabaki na viti 20 mwaka 2011. Lakini hao wawili ndio waliokuwa wameshika usukani dhoruba ilipopiga. Waliolipishwa walikuwa ndio wenye kesi. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini aliyeingia baadaye kusaidia anaadhibiwa kuliko aliyemkaribisha. Jibu langu ni kwamba mpiga kura wa chama kikubwa alikuwa ameshaambiwa kwamba matumizi yatabanwa, akakipigia kura akijua. Mpiga kura wa chama kidogo alikipigia kura ili ubanaji uzuiwe. Waziri mmoja akikata bajeti ileile, kwa wa kwanza ametimiza ahadi na kwa wa pili amesaliti. Hesabu za Hazina ziko sawa kwa wote wawili, ila chama kimoja kimekatwa miguu na watu wake chenyewe.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa zaidi kwenye majukwaa, kwamba msukosuko wa fedha hauna chama, kwa hiyo tuweke siasa kando na kuunda serikali ya watu wote. Kuamua kama nakisi izibwe kwa VAT kwenye unga au kwa kodi kwenye migodi, kama apunguzwe mwalimu au ziahirishwe barabara, kama mkopeshaji wa ndani asubiri au wa nje, hiyo ndiyo siasa yenyewe, na inakuwa kali zaidi pale fedha zinapokuwa chache. Ramsay MacDonald alijaribu kuiweka kando Uingereza mwaka 1931. Aliunda serikali ya kitaifa mwezi Agosti ili posho ya wasio na kazi ikatwe asilimia 10 na thamani ya pauni ibaki imefungwa kwenye dhahabu. Chama chake mwenyewe cha Labour kilimfukuza, mabaharia wa jeshi la majini wakagoma Invergordon kwa kukatwa mishahara, na 21 Septemba pauni ikaachana na dhahabu vilevile. Siasa iliyofukuzwa mlangoni ilirudi ikiwa imevaa sare.

Wala tusidhani kwamba sisi Tanzania tuliepuka swali hilo kwa kuwa na chama kimoja. Baada ya vita vya Uganda tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Mwaka huohuo wa 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alitaka tukubaliane na Shirika la Fedha la Kimataifa, Mwalimu Nyerere akakataa, na Mtei akajiuzulu. Mvutano ambao nchi nyingine ungekuwa kati ya vyama viwili kwetu ulimalizwa baina ya watu wachache, na mikanda iliendelea kufungwa hadi makubaliano na Shirika hilo yalipofikiwa mwaka 1986, Mwinyi akiwa Rais. Katikati hapo ndipo foleni za sukari, sabuni na unga wa yanga. Mkoa huu, uliokuwa moyo wa zao la mkonge wakati Tanganyika inavuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, uliyaona mashamba yakimezwa na vichaka, na kambi za wakata mkonge zikabaki na wazee. Hakuna aliyewapigia kura wale waliopewa kulipa. Mtei alikuja kuwa mwasisi wa CHADEMA mwaka 1992, kwa hiyo naweza kusema upinzani wetu nao, kwa sehemu, ulizaliwa ndani ya Hazina tupu.

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu, nayo ni kwamba mseto huua upinzani. Wapinzani wote wakiingia barazani, mwananchi mwenye hasira anabaki na barabara peke yake. Kenya imelithibitisha hilo: 25 Juni 2025, na tena 7 Julai, watu waliingia mitaani na wengine wakafa, wakati chama ambacho kwa miaka mingi ndicho kiliwaongoza kuandamana kilikuwa na mawaziri. Sina jibu la kuifuta hoja hii. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa madhara unategemea mkataba. Mshirika aliyejifunga mdomo ameua upinzani. Mshirika aliyebaki na haki ya kupiga kura ya hapana bungeni juu ya kodi hajauua wote.

Hapo ndipo Afrika Kusini inapohitaji kusomwa upya, kwa sababu tumeisoma vibaya. Mei 29, 2024 ANC ilipata asilimia 40, mara ya kwanza kukosa wingi wa kura tangu 1994, na ikaunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa pamoja na DA, chama kilichokuwa kikuu cha upinzani, chenye viti 87 kati ya 400, na vyama vingine vidogo. Tarehe 19 Februari 2025 Waziri wa Fedha, Enoch Godongwana wa ANC, alikuwa asome bajeti yenye VAT ya asilimia 17 badala ya 15. Haikusomwa. Washirika walikataa siku ileile, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1994. Machi 12 akarudi na nyongeza ya nusu asilimia mara mbili. Aprili 2 mfumo wa bajeti ukapita kwa kura 194 dhidi ya 182, DA wakiwa kwenye kundi la waliokataa huku mawaziri wao wakiendelea kukaa barazani. Wakaenda mahakamani. Aprili 24 Hazina ikatangaza kwamba nyongeza ya VAT imefutwa, na Mei 21 bajeti ikasomwa kwa mara ya tatu, VAT ikiwa palepale 15 na tozo ya mafuta ndiyo iliyopanda. Habari zilizotufikia huku zilikuwa za kifo: mseto umevunjika, fahari wawili hawakai zizi moja, rand itaanguka.

Mimi naona mseto ulikuwa unafanya kazi yake. Kodi ambayo ingemgusa kila anunuaye sabuni ilizuiwa na mtu aliye ndani ya serikali, kwa kura na kwa mahakama, bila mtu kuvamia Bunge. Naomba msomaji azingatie kilichowawezesha DA kukataa: Hazina haikuwa yao. Walikuwa na Kilimo, Elimu ya Msingi, Mambo ya Ndani, na naibu waziri tu pale Fedha. Laiti Godongwana angekuwa mwana-DA, DA ndio wangekuwa wakihubiri VAT ya asilimia 17 kwenye redio. Hao nao si malaika. Walitumia mvutano huo kudai mambo mengine yasiyohusu VAT. Na nakubali kwamba miezi mitatu bila bajeti si mchezo kwa nchi inayokopa. Hapa Jijini Tanga tulionja kidogo ladha ya vyama vinavyolingana nguvu baada ya uchaguzi wa 2015, CCM na CUF walipovutana juu ya umeya hadi mwaka uliofuata, kwa hiyo silipuuzi lawama la ucheleweshaji. Lakini ule ulikuwa mvutano wa kiti. Ucheleweshaji wa kubishania kodi ni kitu kingine, na ndio kazi tunayowalipa wabunge.

Wenye jamaa Pemba wataniuliza kuhusu Zanzibar. Serikali ya Umoja wa Kitaifa kule ilipata baraka za asilimia 66 ya wapiga kura katika kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ikaingizwa kwenye Katiba, na Maalim Seif Sharif Hamad akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Ilikusudiwa kuzuia damu, baada ya mauaji ya Januari 2001 na miafaka iliyovunjika. Ni dawa ya ugonjwa mwingine, na anayeichukua kama kielelezo cha kutatua deni atapotea. Inatufundisha kitu kimoja tu hapa: mseto uliowekwa kwenye Katiba humpa mshirika wa pili nafasi ambayo Rais hawezi kuiazima siku akipenda na kuichukua siku akichoka, ingawa fedha zimeendelea kusimamiwa na upande wa Rais.

Bara hatuna hata hicho. Katiba ya 1977 inamruhusu Rais kuteua wabunge hadi kumi na kuchagua mawaziri miongoni mwa wabunge, kwa hiyo siku mambo yakiharibika anaweza kumwita mpinzani mmoja Ijumaa na Jumatatu akaapishwa, bila chama kuandikiana na chama. Tumeshaona sura yake ndogo: mwaka 2017 Rais Magufuli alimteua Anna Mghwira, aliyekuwa mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na Kitila Mkumbo wa chama hichohicho kuwa Katibu Mkuu wa wizara. Mwezi Julai 2024 Nairobi ilianza hivyohivyo, kwa majina ya watu. Karatasi ilikuja wakati Mbadi ameshasimamia kodi za Desemba.

Kwa ODM wanaobishana sasa kuhusu kura ya 10 Agosti 2027, kutoka au kubaki naona ni swali la pili. La kwanza ni kama wanaweza kuirudisha Hazina kwa mwenyewe, wachukue wizara zenye huduma ambazo mwananchi anaziona kwa macho, na badala yake wadai kwa maandishi haki ya wabunge wao kupiga kura ya hapana kwenye kila muswada wa fedha bila kuhesabiwa waasi. Ruto anaweza kukataa. Akikataa, watakuwa wamejua kwa nini walipewa wizara hiyo mwaka 2024, na kijiwe cha Ngamiani kitakuwa na kazi ya kutafuta hoja nyingine.